Shaba Inayoruka

Ukitaka kumwona shorobo, acha kuchungulia majani. Tazama uwazi kati ya mti na mti. Akitulia ndani ya mkuyu, kijani chake humezwa na kijani cha msitu. Utasikia tu kikohozi chake, kraa-kraa-kraa, kama mzee aliyeamshwa kabla ya wakati. Mara anavuka kwenda mti wa pili, mabawa yanakunjuka, na wekundu unawaka. Sekunde mbili, basi.

Mimi humwona Msitu wa Karura, Nairobi. Huyu ni shorobo wa Hartlaub, mwenye doa jeupe mbele ya jicho. Wa pwani, mwenye wekundu kisogoni, yuko Shimba Hills, Usambara, hata Jozani kule Unguja. Alipewa jina la Gustav Fischer, daktari Mjerumani aliyewahi kuishi Zanzibar karne ya 19.

Wekundu ule ni shaba. Shaba hasa, ile ya sufuria na nyaya. Mwaka 1869 mkemia Mwingereza, Arthur Church, aliichambua rangi ya manyoya hayo na kukuta madini hayo ndani yake; ni takriban asilimia 7 ya rangi hiyo. Akaiita turasini. Loweka unyoya huo katika maji ya magadi, rangi itachuja kama ya kitenge cha bei ya chini.

Hata kijani chake si cha kawaida. Kasuku ni kijani kwa ujanja: unyoya una rangi ya manjano, na umbo lake hurudisha mwanga wa buluu, macho yetu yakachanganya. Shorobo ana rangi ya kijani yenyewe, nayo pia ina shaba.

Ukoo mzima unapatikana Afrika tu. Wanasayansi wameuita Musophagidae, yaani wala-ndizi, jina ambalo nadhani lilitungwa na mtu aliyekuwa na njaa: ndege hawa hula hasa matunda ya mwituni, pamoja na maua na majani machanga. Kuruka hawakupendi sana. Hukimbia juu ya tawi kama kindi, wakisaidiwa na kidole cha nje kinachogeuka mbele au nyuma.

Huko Eswatini, manyoya mekundu ya shorobo huvaliwa kichwani na watu wa ukoo wa kifalme. Mimi ninao mmoja tu, niliouokota njiani. Magadi yapo jikoni, bakuli lipo. Kila nikijaza maji, mkono unasita.