Setilaiti hupima uzito wa maji, haionji chumvi

MWENYEJI wa Garsen akikuomba maji baridi, usikimbilie friji. Kwa watu wa Pwani, maji baridi ni maji yasiyo na chumvi, hata kama yametoka kisimani saa saba mchana yakiwa vuguvugu. Kinyume chake ni maji ya chumvi. Kote katika delta ya Tana, tofauti hiyo ndiyo inayoamua pa kuchimba kisima na pa kupeleka ng'ombe. Mwaka 2012 watu zaidi ya mia moja waliuawa huko katika mapigano ya wakulima na wafugaji, na ugomvi wa maji na malisho ulikuwa miongoni mwa viini vyake. Kwa hivyo, mpenzi msomaji, maneno tunayotumia kuhusu maji si mchezo.

Siku hizi tunasoma kwamba eti setilaiti 'huona' maji chini ya ardhi. Kitenzi hicho kinapotosha. Setilaiti mbili za mradi wa GRACE, wa Marekani na Ujerumani, zilirushwa Machi 2002 zikafanya kazi hadi 2017. Warithi wake, GRACE-FO, wako angani tangu Mei 2018. Hazina jicho la kupenya udongo. Hufuatana katika njia moja zikiwa zimeachana kilomita 220 hivi, karibu sawa na safari ya Mombasa hadi Garsen. Ndiposa zile za kwanza zikapewa jina la utani Tom na Jerry, paka na panya wa katuni.

Ya mbele ikikaribia mahali penye uzito zaidi, huvutwa na kuiacha ya nyuma kidogo. Kisha ya nyuma nayo huvutwa. Badiliko hilo la umbali, dogo kuliko upana wa unywele, hupimwa. Sasa, milima haibadiliki mwezi kwa mwezi. Kinachoongezeka na kupungua hasa ni maji. Wanasayansi hutoa hesabu ya maji ya mito, maziwa na unyevu wa udongo, na kinachobaki ni badiliko la maji ya ardhini. Basi tuseme setilaiti 'hupima uzito', tusiseme 'huona'.

Msemo wa pili ni 'ziwa la chini ya ardhi'. Kwa kawaida huko chini hakuna ziwa. Kuna mchanga, kokoto na mawe yenye nyufa, vyote vimeloa. Mfugaji anayefukua mchanga wa laga wakati wa kiangazi analijua hilo bila kufundishwa. Mimi napendelea 'tabaka la maji'. Tabaka huweza kuwa la mchanga au la jiwe, hulishwa na mvua na mafuriko, na likitekwa kuliko linavyolishwa, hushuka. Ukisema 'ziwa', msikilizaji hufikiria maji yasiyokwisha.

La tatu ni ukubwa wa eneo. Kipimo cha GRACE hueleza habari za eneo la zaidi ya kilomita za mraba laki moja, ilhali kaunti nzima ya Tana River haifiki elfu 40. Ni kama mizani ya lori barabarani: itakwambia mzigo umeongezeka, haikwambii ni gunia lipi. Anayedai kuwa GRACE imeonyesha hali ya kisima fulani cha Garsen anatia chumvi, kwa maana zote mbili.

Na chumvi yenyewe je? Mnamo Septemba 2013 ilitangazwa kwamba kuna hazina kubwa ya maji Lotikipi, Turkana. Utafiti huo ulitumia picha za rada kutoka angani, wala si mizani ya GRACE. Watu walishangilia. Baadaye visima vya majaribio vilionyesha kuwa maji ya Lotikipi yana chumvi kupita kiasi. Wingi ulitangazwa kabla ya ladha.

Hata hivyo tusiibeze mizani hii. Imewasaidia watafiti kutambua kuwa katika maeneo makavu ya Pembe ya Afrika, mvua kubwa za vuli zimeongeza maji ya ardhini hata pale masika yalipodhoofika. Hilo ni jambo la kumpa moyo mkaazi wa Garsen aliyevumilia ukame wa misimu mitano mfululizo tangu mwisho wa 2020, kisha akafurikiwa mwishoni mwa 2023. Lakini habari za jimbo zima hazitoshi kuamua pa kuchimba. Lazima mtu ateremshe kamba kisimani kila mwezi, aandike kina cha maji, na apime chumvi.

Afisa wa maji akienda kwenye baraza huko, aanze kwa kueleza mambo matatu: uzito umebadilika kiasi gani, katika eneo lenye ukubwa gani, na je, maji ni baridi? Swali hilo la mwisho wazee wa Tana watamuuliza hata asipolitaja.