Je, Wajua? Vituko vya Kauri za Japani

Kauri ya Japani ilianza na mateka wa vita
Kati ya 1592 na 1598 Toyotomi Hideyoshi aliivamia Korea mara mbili, akaambulia patupu. Lakini majeshi yake yalirudi na wafinyanzi, na mmoja wao, Yi Sam-pyeong, husimuliwa kuwa mwaka 1616 aligundua mawe ya kutengenezea kauri huko Arita, kisiwani Kyushu. Kabla ya hapo kauri yote nchini ilitoka ng'ambo! Leo Arita humtukuza katika hekalu la Tozan, ambalo lango lake, lililosimamishwa mwaka 1888, ni la kauri tupu.

Agizo moja, vyombo 56,700
Aliyeagiza ni kampuni ya Waholanzi, mwaka 1659. Utawala wa Ming nchini China ulikuwa umeanguka mwaka 1644 na vita vilikuwa vimekwamisha biashara ya kauri za huko. Msiba wa jirani ukawa riziki ya Arita.

Bakuli lililopinda ndilo lililotafutwa
Walimu wa sherehe ya chai walichoshwa na ukamilifu. Mmoja wao, Furuta Oribe, alipenda mabakuli ya udongo yaliyobonyea, yenye rangi ya kijani ya shaba. Mwaka 1615 aliamriwa kujiua, ingawa kosa lake lilikuwa la siasa: alishukiwa kula njama dhidi ya ukoo wa Tokugawa uliokuwa ukitawala. Huko Kyoto, mfinyanzi Chojiro aliacha kabisa gurudumu la mfinyanzi, akafinyanga kwa mikono mitupu. Vikombe vya namna hiyo, viitwavyo raku, huchomolewa motoni kwa koleo vikiwa bado vyekundu. Ukoo wake ungali kazini, kizazi cha 16 sasa.

Weupe uliopotea kwa zaidi ya miaka mia
Ukoo wa Kakiemon, wafinyanzi wa Arita, ulijua kutengeneza kauri yenye weupe wa maji yaliyooshea mchele. Ujuzi huo ulipotea katika karne ya 18. Baba na mwana wa ukoo huohuo wakaufufua mwaka 1953.

Ulaya iliiga, kisha ikadanganya
Augustus, mtawala wa Saxony, alikuwa mgonjwa wa kauri. Kiwanda chake cha Meissen, kilichoanzishwa mwaka 1710, kiliiga Kakiemon kwa ustadi mkubwa. Kwa ustadi mno, pengine: Rodolphe Lemaire, mfanyabiashara Mfaransa, aliagiza vyombo visivyo na alama ya kiwanda ili aviuze Paris kama vya Japani. Mwaka 1731 aligunduliwa, akakamatwa, akafukuzwa Saxony.