Jino lililozibwa likivunjika, usikimbilie kuling'oa

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumbani, jiwe dogo katika maharagi linatosha kuvunja dawa nyeupe iliyoziba jino. Wengine humwomba munganga aling'oe jino lote. Wengine hujitilia gundi ya dukani. Yote mawili ni hasara.

Dawa hiyo ni nini?
Ni rezini iliyochanganywa na unga laini wa kioo. Rezini ya namna hiyo ilipewa hati ya uvumbuzi huko Marekani mwaka 1962, kazi ya Rafael Bowen. Kwanza ni laini kama udongo wa mfinyanzi. Haigandi kwa joto wala kwa upepo: hugandishwa na taa ya mwanga wa buluu.

Kwa nini huwekwa kidogo kidogo?
Mwanga hauingii mbali. Kwa dawa ya kawaida, kila tabaka lisizidi milimeta 2. Shimo likijazwa mara moja, juu patakuwa pagumu na chini pabichi. Tena, dawa ikiganda hunywea kidogo. Tabaka nene laweza kuachana na jino, na mikrobi kupita katika ufa. Basi vumilia kukaa kinywa wazi, wala usiitazame taa, huumiza macho.

Je, kilichovunjika hutengenezwa?
Mara nyingi ndiyo, kama chini hakuna uozo. Lakini dawa ya zamani imekwisha kuganda. Mpya haishikani nayo vizuri hivi hivi. Mwashi hapigi lipu juu ya ukuta laini wenye vumbi, huukwaruza kwanza. Munganga naye hukwaruza, husafisha kwa asidi, huosha, hukausha, hupaka dawa ya kushikiza, ndipo huweka mpya na kuimulika. Mate yakiingia hapo, kazi imeharibika. Faida yake ni kwamba sehemu nzuri ya jino haichimbwi bure.

Ufanye nini?
1. Nenda kwa munganga mapema, hata kama hakuumi.
2. Tafunia upande wa pili.
3. Piga mswaki mara 2 kwa siku kwa dawa yenye fluori.
4. Usitie gundi wala asidi ya batri.

Aliyekesha kwa maumivu ya jino hana akili tulivu mbele ya mashine, awe chini ya ardhi Kamoto au kwenye shimo la wazi. Jino la mtu mzima halioti tena. Lilinde!