Kupiga Mpira kwa Gongo

Mtu akikata mti mkubwa kule Kasongo au Kabambare, hashindani nao kwa mikono tu. Anatanua miguu, anakanyaga udongo vizuri, anageuza kiuno, kisha shoka linakuja kwa nguvu. Mtoto anayejaribu mara ya kwanza anatumia mikono peke yake. Kitambo kidogo amechoka, na mti umepata alama ndogo tu.

Mchezo wa besiboli, unaopendwa sana Marekani na Japani, unataka ufundi kama ule. Mchezaji mmoja anatupa mpira mdogo, mgumu. Mwingine anaupiga kwa gongo. Katika michezo ya watoto mtupaji anasimama mbali kadiri ya meta 14, na mpira unafika kabla ya sekunde moja kwisha. Basi mpigaji anajiweka tayari mapema.

Anayetumia mkono wa kuume anamwelekezea mtupaji ubavu wa kushoto. Mkono wa kushoto unashika chini, karibu na mwisho wa gongo. Wa kuume unakaa juu yake, na yote miwili inagusana. Gongo linashikwa kwa vidole, wala halikazwi sana, maana mkono uliokazwa hauendi upesi. Mikono inakaa karibu na bega la nyuma, na ncha ya gongo inatazama juu. Gongo lisilazwe begani: mtoto akilipumzisha pale, atachelewa kuliinua, na mpira umekwisha kupita. Magoti yanakunjwa kidogo.

Mpira ukija, mguu wa mbele unapiga hatua fupi. Kiuno kinageuka, na kisigino cha nyuma kinainuka. Mabega yanafuata kiuno, mikono inafuata mabega, na gongo linakuja mwisho wa yote. Ndiyo sababu linakwenda mbio. Anayeanza na mikono anaacha nguvu ya miguu nyuma, kama yule mtoto wa shoka. Lakini shoka husimama ndani ya mti. Gongo halisimamishwi, linapita mpaka bega la pili.

Kazi ngumu kuliko zote ni ya macho. Watoto wengi wanatazama mahali wanapotaka mpira uende, na gongo linapiga upepo. Kichwa kitulie, macho yafuate mpira. Tena gongo lisiwe zito, na wenzake wasimame mbali.

Watoto wa Uganda, jirani wa Kongo, wamejifunza mchezo huu. Mwaka 2011 timu ya Kampala ilipata nafasi ya kwenda kwenye mashindano makubwa ya watoto huko Williamsport, Marekani, lakini ilinyimwa viza, ikabaki nyumbani. Mwaka 2012 timu ya Lugazi ilikwenda, ya kwanza kutoka Afrika kucheza pale. Ilishindwa katika michezo ya mwanzo. Halafu ikaishinda timu ya Gresham, ya Oregon, 3 kwa 2.