Mwaka Mpya wa Kichina Ufikapo Ggaba

Sikukuu iliyo kubwa kuliko zote kwa Wachina, waiitayo Sikukuu ya Majira ya Kuchipua, huwajia watu wa kaskazini ya China mwishoni mwa miezi ya baridi kali, mkulima akingoja ardhi ilegee apate kupanda. Lakini familia ya Kichina iliyohamia Ggaba, ukingoni mwa Ziwa Viktoria kusini ya Kampala, hufikiwa nayo katikati ya kiangazi, vumbi jekundu limetanda barabarani na watu wanatafuta kivuli. Mzazi aliyelelewa katika jimbo la Shandong, kisha akajaaliwa kumlea mwanawe hapa karibu na mstari wa Ikweta, hukabiliwa na mtihani usio mdogo, kwani atamrithishaje mtoto furaha ya kuisha kwa baridi ambayo mtoto mwenyewe hajapata kuionja? Mama mmoja wa mtaani kwetu aliumaliza mtihani huo kwa njia niliyoistahi mno: aliacha kumweleza mtoto wake habari za theluji, akampa kazi.

Msomaji wa pwani, aliyezoea kuungoja mwezi uandame, hatapata taabu kuifahamu hesabu ya sikukuu hii. Miezi ya Kichina huanza kwa mwezi mpya kama ilivyo miezi ya Kiislamu, ila mwaka wa Hijra una siku 354 au 355, na kwa sababu hiyo Idi huzunguka majira yote, ilhali Wachina huongeza mwezi wa kumi na tatu mara saba katika kila miaka 19, ili mwaka wao usiachane na jua. Ndiyo maana siku ya kwanza ya mwaka haitoki nje ya muda ulio baina ya Januari 21 na Februari 20: mwaka 2025 iliangukia Januari 29, na mwaka 2026 Februari 17. Shangwe huendelea siku 15, hata mwezi ukapevuka na taa zikatundikwa. Desemba 2024 shirika la UNESCO liliziandikisha ada hizi katika orodha ya urithi wa utamaduni wa wanadamu. Lakini serikali ya Uganda haina likizo kwa ajili yake, na pengine mtoto wa Kichina huipokea siku yenyewe akiwa amevaa sare na kubeba mkoba kwenda shule.

Kazi ya kwanza ya mtoto wa mama yule, msichana aliyezaliwa mwaka 2019, ni samaki. Katika karamu ya usiku wa kuamkia mwaka mpya samaki sharti afike mezani mzima, kichwa na mkia, na sehemu yake isiliwe bali ilale hata kesho, iwe dalili kwamba mwaka ujao riziki itabaki na ziada. Kwa jambo hili Ggaba ni pahali pa baraka, maana asubuhi mitumbwi huteremsha ngege na mputa gatini, hatua chache kutoka sokoni. Nilikuwapo muuzaji alipokwisha kumparua ngege mkubwa magamba na kumtoa matumbo, akainua kisu tena.

"Nyabo, kichwa nikitoe?"

"Kiache, ssebo. Na mkia pia uache."

Mtoto alikuwa amesimama kando, macho hayabanduki kwenye kile kisu, kwa kuwa ameaminishwa kwamba mkia ni amana yake. Naye ndiye aliyeubeba mfuko hata nyumbani, mikono miwili, asikubali kupokewa.

Jikoni ndiko kwenye elimu kubwa zaidi. Watu wa kaskazini ya China hawauoni mwaka umeingia pasipo jiaozi, nazo ni vifuko vya unga wa ngano vilivyojazwa nyama ya nguruwe iliyosagwa, kabichi, tangawizi na vitunguu, kisha vikatokoswa. Na nguruwe huyu si faradhi, kwani Wachina Waislamu hutia nyama ya kondoo au ya ng'ombe. Mama hukanda unga, huukata vidonge, na kwa kijiti kilekile ambacho jirani zake husukumia chapati huvigeuza duara ndogo, ukingo mwembamba na kati pana unene kidogo ili mchuzi usitoboe. Mtoto hutia kijiko kimoja cha nyama, hukunja, hubana kingo kwa vidole vilivyolowa maji. Vya kwake huvimba upande mmoja na vingine hupasuka sufuriani, wala mama hasemi neno. Ndani ya kimoja hufichwa sarafu iliyooshwa na kuchemshwa, na atakayeipata ana bahati mwaka mzima. Mama alipokuwa mdogo ilikuwa sarafu ya Kichina, hapa ni shilingi 200 ya Uganda, ambayo, kwa sadfa njema, imechorwa samaki.

Ada yataka watu wakeshe hata usiku wa manane. Saa za China zimetangulia za Kampala kwa saa tano, kwa hiyo mwaka huingia kwa bibi yake mtoto, huko Shandong, wakati Ggaba ni saa moja magharibi, jua ndilo kwanza linazama. Na mtoto, ambaye angekuwa amelala zamani lau angekesha kwa saa za hapa, humwamkia bibi kwenye simu akiwa macho makavu. Fataki hazipigwi, na si hasara kubwa, maana miji mingi ya China yenyewe imezizuia kwa ajili ya moto na moshi. Bahasha nyekundu za fedha hugawiwa watoto wote wa kiwanja, Waganda kwa Wachina, nao huzipokea bila kuhitaji maelezo.

Sikukuu nyingine hupita kwa wepesi zaidi. Katikati ya mwezi wa nane wa Kichina hutazamwa mwezi mpevu, mawingu ya mvua za vuli yakiruhusu, na ndani yake Wachina humwona sungura anayetwanga dawa kwenye kinu. Mtoto aliyelelewa kwa hadithi za Wakayima, yule sungura mjanja wa Buganda, aliuliza tu nani aliyeibiwa kinu hicho.

Tabu imezuka penye wanyama. Wachina wana wanyama 12 wa miaka, na aliyezaliwa 2019, mwaka mpya wa Kichina ukiisha kuingia, ni wa mwaka wa Nguruwe, pamoja na wenziwe wote wa mwaka ule, awe baba yao nani. Watoto wengi wa Kiganda nao wana mnyama, lakini wao huurithi ukoo kwa baba, na mnyama wa ukoo ni muziro, haliwi. Basi siku moja walimwuliza rafiki yao mnyama wake, akajibu kwa fahari, na mtoto wa ukoo wa Mmamba (samaki kamongo) akamtolea macho: "Sasa mbona kwenu mnamla?" Mama alieleza kwa upole kwamba kwa Wachina mnyama wa mwaka hana mwiko huo. Binti alisikiliza, akashika upande wa rafiki zake. Na katika karamu iliyofuata sufuria zilikuwa mbili, ya pili ikiwa ya jiaozi za mayai na vitunguu majani, na sarafu, kwa amri ya mwenyewe, ilitiwa humo.