Mwalimu Amestaafu, Shamba Limepata Mwenyewe

Wiki hii siandiki kuhusu viwavijeshi wala bei ya mbolea. Nataka niandike kuhusu nyumba yangu, hapa Kanyenye, kwa sababu mwaka huu umetupitisha kwenye mambo ambayo vijana wengi mnaonipigia simu mnayo majumbani kwenu, ila hamjajua pa kuanzia.

Kwa kifupi, Januari mama yangu mzazi alihama Urambo akaja kukaa nasi, magoti yamekataa. Machi tukapata mjukuu wa kwanza. Julai mke wangu, mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka 33, alitimiza 60, akarudisha chaki. Novemba binti yetu wa pili alivaa joho pale SUA, Morogoro. Na mimi nimebakiza miaka miwili, kuna kijana mahali fulani atakayeirithi pikipiki yangu, Mungu amsaidie na ile klachi.

Sherehe zote hizo zilikuwa nzuri. Lakini jambo lililotukalisha kikao mara nne ni moja: hela ya Mwalimu.

Wengi bado tunadhani mstaafu wa serikali anaondoka na gunia la pesa. Sivyo. Tangu Julai 2022 kanuni ilibadilika, mkupuo ukawa asilimia 33, inayobaki inalipwa kidogokidogo kama pensheni ya mwezi. Baadaye waliotoka mifuko ya zamani ya PSPF na LAPF wakapandishiwa hadi asilimia 40, na walimu wengi wamo humo. Tufanye hesabu ya mfano, si ya mke wangu, yake hataki iandikwe. Mtumishi amechangia miezi 396, wastani wa mshahara wake ni milioni 1 kwa mwezi, yaani milioni 12 kwa mwaka. Unachukua 396 unagawa kwa 580, unazidisha kwa milioni 12, unapata kama milioni 8.19. Zidisha kwa 12.5, kisha chukua asilimia 40: mkupuo ni karibu milioni 41. Pensheni yake ya mwezi inakuja kama 409,000. Huyu alizoea milioni nzima kabla ya makato. Kwa hiyo ile milioni 41 inayoonekana nyingi ndiyo inayotakiwa kuziba pengo la miaka yote iliyobaki.

Sasa hapo ndipo ndugu wanapoanza kufika. Mmoja alitaka pikipiki ya bodaboda. Mwingine alitaka kujengewa bani la kukaushia tumbaku, "mkataba ukitoka tu narudisha." Wa tatu alikuwa binti yetu mwenyewe, mwenye digrii mkononi: aliomba milioni 15 za kuku wa mayai 500.

Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu.

"Mwanangu, hao kuku watakula kiasi gani kabla sijaona yai?"

Nilifurahi, kwa sababu ni swali ambalo wafugaji wengi wapya hawajiulizi. Kuku wa mayai anaanza kutaga wiki ya 18 hadi 20, na mpaka hapo amekula kilo 7 na nusu hivi. Kuku 500 ni karibu tani 4 za chakula kabla ya trei la kwanza. Wakianza kutaga wanataka kama gramu 120 kila mmoja, kilo 60 kwa siku, mahindi yapande bei au yashuke. Si biashara mbaya. Ni biashara inayodai pesa kila siku, na mstaafu hana pesa ya kila siku.

Jibu likawa hapana. Binti aliumia. Aliondoka akakaa kwa dada yake wiki mbili, simu akawa anapokea bibi yake tu. Mama yangu ndiye aliyempoza, kwa michembe na maneno ambayo hakuna aliyetuambia.

Aliporudi alikuja na karatasi nyingine. Tuna eka 5 upande wa Itetemia, njia ya kuelekea Kwihara, kule kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi na mizigo kutoka pwani. Wazee wetu wengi walibeba mizigo hiyo kiangazi, na mvua zikikaribia walirudi kulima. Mnyamwezi kuwa na kazi ya safari na shamba kwa pamoja si jambo la leo. Misafara ilituachia pia miembe. Ndiyo maana Tabora embe hatulimi, tunaokota. Mwezi wa kumi na mbili ndoo haina thamani, yana nyuzi, yameiva yote siku moja.

Hesabu ya binti ilikuwa hii: eka moja, nafasi ya mita 10 kwa 10, miche 40 iliyobebeshwa, ya aina zinazonunuliwa sokoni, na katikati karanga kwa miaka mitatu ya mwanzo kabla miti haijaanza kuleta kitu. Mizinga 10 aipeleke porini. Jumla aliomba milioni 4, si 15. "Mama, sikuombi unipe. Nikopeshe."

Kikao cha nne kikaisha kwa karatasi, na hapa nawaomba vijana msome taratibu. Wengi wenu mnalima ardhi ya wazazi bila maandishi yoyote. Kwa mahindi unaweza kubahatisha, msimu ukiisha umevuna. Mwembe uliobebeshwa unaanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, na faida yenyewe iko mbele zaidi. Mzazi akifariki mwaka wa tano, ndugu watakuja kugawana miti uliyoimwagilia wewe, na hutakuwa na cha kuonyesha. Kwa hiyo mkataba wetu ni wa miaka 15. Umeandika eneo na mipaka yake, kodi ya kila mwaka baada ya mavuno, na kwamba miti ni mali ya aliyeipanda. Mkopo una karatasi yake: anaanza kurejesha kwa karanga za msimu wa kwanza, hauna riba, lakini una tarehe. Ndugu zake wote wawili wametia sahihi, mtendaji wa mtaa ameshuhudia. Kaka yake alinuna kidogo kabla ya kusaini. Afadhali anune leo.

Hela iliyobaki ya Mwalimu haiguswi na mtu, mimi nikiwemo. Sehemu ameweka benki kwa muda maalumu, sehemu imekarabati paa. Binti naye nimemwandikisha NSSF kama mtu aliyejiajiri, maana mkulima hapewi barua ya kustaafu na mtu.

Kama mzazi wako anakaribia 60, msaidie mapema kukagua kama michango yake yote imeingia, na atafute barua ya ajira ya kwanza na ya kuthibitishwa kazini. Ya Mwalimu tuliikuta ndani ya sanduku la vitenge, imeliwa pembe na mende, namba bado inasomeka.

Miche ilipandwa wiki ya pili ya Desemba, mvua ikiwa imekolea. Mashimo ya sentimita 60 kila upande, debe la samadi iliyooza kila shimo. Mpaka leo 37 imeshika, mitatu imemalizwa na mchwa. Mwalimu anakwenda shamba kila Jumamosi na daftari lake la mahudhurio, anaita miti kwa namba.