Mfasiri na Mchukuzi: Lugha ya Seva ya Kuhamishia Faili

Aitazamaye seva ya kuhamishia faili huidhania kuwa kitu kimoja. Kwa hakika ndani yake mna watendaji wawili. Kanuni iliyoandikwa na Jon Postel na Joyce Reynolds mwaka 1985 yawatenga waziwazi. Wa kwanza ni mfasiri, apokeaye amri na kuzijibu kupitia mlango nambari 21. Wa pili ni mchukuzi, abebaye faili yenyewe kwa njia nyingine, ambayo hufunguliwa kazi ianzapo. Kwa kuwa njia ni mbili, amri ya kusimamisha yaweza kutolewa hali mzigo ungali safarini.

Limhusulo zaidi mwanaisimu ni namna mfasiri ajibuvyo. Kila jibu lina sehemu mbili: nambari ya tarakimu tatu, na maneno. Nambari ni ya mashine: 230 yaarifu kwamba mtumiaji amekubaliwa kuingia, 226 kwamba uhamishaji umekamilika, 550 kwamba faili haipatikani. Maneno ni ya binadamu. Isipokuwa katika majibu machache, kama 227 libebalo anwani, mashine haiyategemei.

Basi Kiingereza kilichozoeleka humo si sharti la ufundi. Mwaka 1999 iliongezwa hata amri ya kuchagulia lugha. Mtumiaji akiomba Kiswahili, seva yaweza kuandika "Faili imekwisha kufika" baada ya 226, na kazi isiharibike. Kinachohitajika ni istilahi zilizoafikiwa, na jukumu hilo ni la wanalugha kabla ya kuwa la mafundi.